Anayezima Ndiye Anayetawala: Vimeng'enya na Ishara Ndani ya Seli ya Hamira

Mchoro wa njia ya ishara katika seli ya hamira, jinsi unavyochapwa vitabuni, ni safu ya majina yaliyounganishwa kwa mishale inayoshuka. Juu kuna kipokezi kwenye utando wa seli. Chini yake kimeng'enya kimoja kinakiamsha cha pili, cha pili kinakiamsha cha tatu, mpaka ujumbe unafika kwenye kiini na jeni zinafunguliwa. Mchoro huo si wa uongo, na kila mshale wake umegharimu miaka ya kazi maabara. Tatizo lake ni dhana ya utawala anayobaki nayo msomaji: kwamba anayeanzisha ndiye anayeamua. Ninavyousoma ushahidi mimi, mambo ni kinyume. Katika hamira, na hasa ile ya mikate na bia iitwayo Saccharomyces cerevisiae, maamuzi makubwa kuhusu ishara yamo mikononi mwa vimeng'enya vinavyoondoa, vinavyokata na vinavyofuta. Ndivyo vinavyopanga ishara idumu kwa muda gani, iwe na nguvu kiasi gani, na mara nyingine hata ielekee upande gani. Vimeng'enya vinavyowasha, mara nyingi kuliko tunavyofundishwa, huwa viko kazini muda wote.

Tuanze na kemia yenyewe, kwa ufupi. Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika juu ya protini, kwa kawaida kwenye asidi amino za serini, threonini au tairosini. Fosfeti hubeba chaji hasi, kwa hiyo protini iliyopachikwa hubadilika umbo, au hupata mwenzi mpya wa kushikana naye, au humpoteza wa zamani. Fosfatasi huibandua fosfeti hiyo na kuirudisha protini katika hali yake ya awali. Jenomu ya hamira ilisomwa yote mwaka 1996, na kati ya jeni zake 6,000 hivi, zinazotengeneza kinasi zinakaribia 120. Za fosfatasi hazifiki nusu ya idadi hiyo. Historia nayo ina jambo la kuchekesha kidogo. Mwaka 1943, Carl na Gerty Cori na wenzao huko St. Louis, Marekani, walikutana na kimeng'enya kilichoigeuza fosforilasi ya misuli kutoka umbo lake lenye nguvu kuwa umbo legevu. Walijua kuna kitu kinaondolewa; hawakujua ni kitu gani. Ilibidi Edmond Fischer na Edwin Krebs, huko Seattle mwaka 1955, waoneshe kwamba fosforilasi huamshwa kwa kupachikwa fosfeti, ndipo ikaja kueleweka kwamba kile cha akina Cori kilikuwa fosfatasi. Fischer na Krebs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Mwondoaji alikuwa ameonekana miaka kumi na zaidi kabla ya mpachikaji, lakini vitabu vilijengwa kuanzia kwa mpachikaji.

Njia ya ishara iliyochunguzwa kwa undani zaidi katika hamira ni ile ya kutafuta mwenzi. Seli za hamira zenye seti moja ya kromosomu ziko za aina mbili, a na alfa. Kila aina hutoa feromoni yake, na kila aina ina kipokezi cha feromoni ya mwenzake. Feromoni ya alfa ni mnyororo mfupi wa asidi amino 13 tu. Inapogusa kipokezi Ste2 kwenye seli ya a, protini Gpa1 iliyo chini ya utando huacha GDP, hushika GTP, na kuwaachilia wenzake wawili, Ste4 na Ste18. Hao wawili ndio wanaopeleka habari mbele: kinasi Ste20 huiamsha Ste11, Ste11 huiamsha Ste7, Ste7 huiamsha Fus3, na Fus3 humchochea Ste12 afungue jeni za kuungana huku Far1 ikisimamisha mgawanyiko wa seli. Yote haya yanaweza kuonekana kwa macho katika jaribio rahisi. Seli za a humwagwa kwenye sahani ya agari, kisha katikati huwekwa kikaratasi cha chujio kilicholowekwa feromoni ya alfa. Baada ya siku moja au mbili sahani nzima hufunikwa na ukoga mweupe wa seli zilizoota, isipokuwa duara lililo wazi kuzunguka kikaratasi, ambako mgawanyiko umesimama. Ukichota seli za ukingoni mwa duara na kuziweka chini ya darubini, utaziona zimerefuka na kuchongoka upande mmoja. Duara hilo halibaki safi. Siku zikienda huanza kujaa ukungu, kwa sababu seli zilizokuwa zimesimama zinaizoea feromoni na kurudi kugawanyika.

Mazoea hayo yanatoka wapi? Mwaka 1982, Chan na Otte walieleza seli za hamira zilizoonesha wepesi uliopitiliza: duara lao lilikuwa kubwa mno, na kiasi kidogo sana cha feromoni kiliwatosha kusimama. Jeni zilizoharibika katika seli hizo ziligeuka kuwa mbili, na zote mbili ni za kuzima. Moja hutengeneza Bar1, kimeng'enya ambacho seli ya a hukitema nje ili kiikate feromoni ya alfa katikati, kati ya asidi amino ya sita na ya saba. Nyingine hutengeneza Sst2, ambayo huiharakisha Gpa1 kuvunja GTP yake na kuwakamata tena wale wenzake wawili iliowaachilia. Baadaye ilipatikana ya tatu, Msg5, fosfatasi inayoibandulia Fus3 fosfeti zake. Sasa tazama mpangilio wake. Feromoni inapofika, miongoni mwa jeni zinazofunguliwa kwa nguvu ni zile za Bar1, Sst2 na Msg5 zenyewe. Yaani ujumbe unapofika kwenye kiini, agizo mojawapo la mwanzo ni kuandaliwa kwa wale watakaoumaliza.

Mtu aweza kusema huo ni usafi tu baada ya kazi, kwamba Bar1 hufagia mabaki wakati uamuzi umekwisha kufanyika. Maelezo hayo hayasimami mbele ya ushahidi. Jackson na Hartwell walionesha mwaka 1990 kwamba seli ya hamira ikizungukwa na wenzi kadhaa humchagua anayetoa feromoni nyingi zaidi. Seli zenye wepesi uliopitiliza hupoteza uwezo huo wa kuchagua, maana kwao kila upande unanukia sawasawa. Mwaka 1998 Barkai, Rose na Wingreen walitumia hesabu kueleza sababu: Bar1 inapokata feromoni karibu na seli, tofauti ya kiwango kati ya upande wenye mwenzi na upande usio naye huwa kali zaidi, na seli hujua ichongoke kuelekea wapi. Kwa hiyo kimeng'enya kinachoharibu ujumbe ndicho kinachoufanya ujumbe usomeke. Bila uharibifu huo seli ingejua kwamba kuna mwenzi, isijue yuko wapi.

Suala la muda linahitaji mfano mmoja wa nyumbani. Pipa lina bomba linaloingiza maji juu na tundu linaloyatoa chini. Ukifungua bomba zaidi, maji yatapanda mpaka kimo kipya. Kasi ya kufika kwenye kimo hicho, na kasi ya kushuka bomba likipunguzwa, hutegemea sana ukubwa wa tundu. Pipa lenye tundu dogo huchelewa kukiri kwamba bomba limefungwa. Hesabu ya fosfeti juu ya protini iko hivyo hivyo: kama fosfatasi ni dhaifu, protini hubaki imewashwa muda mrefu baada ya sababu kuondoka. Seli inayotaka kuitika haraka haina budi kuwa inabandua muda wote, hata wakati inapopachika. Kwa jicho la mhasibu huo ni upotevu wa ATP. Ndiyo bei ya kuwahi.

Hamira hulipa bei hiyo inapokutana na chumvi. Maji yenye chumvi nyingi huinyonya seli maji yake, na seli hujibu kwa kutengeneza gliseroli na kuizuia isitoke. Msimamizi wa jibu hilo ni kinasi Hog1, ambayo huingia kwenye kiini ndani ya dakika chache tangu chumvi kuongezwa, na ikiwa chumvi ni ya wastani hutoka tena baada ya nusu saa hivi. Sehemu ya kutoka huko inaelezwa na gliseroli yenyewe: seli ikirudi katika ujazo wake, sababu ya kengele imekwisha. Lakini seli zisizo na fosfatasi Ptp2 na Ptp3 huacha Hog1 ikiwa na fosfeti kwa muda mrefu kupita kiasi. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa Sln1, kipokezi kimojawapo cha hali hiyo ya chumvi. Sln1 ni kinasi, na ajabu yake ni kwamba hufanya kazi wakati wa utulivu. Hupachika fosfeti inayopitishwa kwa Ypd1 mpaka Ssk1, na Ssk1 yenye fosfeti hunyamaza. Chumvi inapoingia Sln1 huacha kazi, Ssk1 hubaki bila fosfeti, na kengele ya Hog1 hulia. Ukiifuta jeni ya Sln1, Hog1 hubaki imewaka bila kikomo na seli hufa. Mwaka 1994 Maeda, Wurgler-Murphy na Saito waliripoti kwamba seli kama hiyo huokolewa ikipewa Ptp2 kwa wingi. Juu hakukutengenezwa chochote, kwani kipokezi kilikuwa bado hakipo na kengele ilikuwa bado inalia. Kilichoongezwa ni mwondoaji mmoja kule chini, na seli ikaishi.

Kama mfano wa Sln1 unaonesha kwamba mwondoaji anaweza kuokoa, mfano wa Snf1 unaonesha kwamba anaweza kuwa mwamuzi pekee. Snf1 ni kinasi inayoamka glukosi inapopungua. Huiondoa kwenye kiini Mig1, protini inayofunga jeni, na jeni zilizokuwa zimefungwa hufunguka, ikiwemo ile ya invatasi, kimeng'enya kinachoipasua sukari ya kawaida ya miwa ili seli ipate cha kula. Kuamka kwa Snf1 kunahitaji fosfeti kwenye threonini ya 210, na wapachikaji wake wanajulikana kuwa ni watatu: Sak1, Tos3 na Elm1. Jibu lililotegemewa lilikuwa kwamba glukosi huwanyamazisha hao watatu. Vipimo vilipofanywa, ikaonekana kwamba wanaendelea kupachika, glukosi iwepo isiwepo. Kinachobadilika ni kama fosfatasi Glc7, ikiongozwa na mwenzake Reg1, inaweza kuifikia ile threonini na kuibandua fosfeti yake. Glukosi ikiwa nyingi, mlango uko wazi kwa Glc7. Glukosi ikiisha, mlango unafungwa na fosfeti inabaki. Ukiifuta Reg1, Snf1 huamka hata katikati ya shibe. Hapa habari zote kuhusu chakula zinapita kwa mwondoaji. Wapachikaji hawaulizwi chochote.

Pingamizi la kwanza kwa hoja hii ni la idadi, na ni pingamizi la haki. Kama kinasi ni 120 na fosfatasi ni chache hivyo, je, si dalili kwamba umahususi uko kwenye kinasi, na kwamba fosfatasi ni vibarua wanaobandua chochote wanachokutana nacho? Glc7 hasa inaonekana kuunga mkono pingamizi hilo, kwa kuwa ni jeni moja inayohusika na glaikojeni, mgawanyiko wa seli, glukosi na mengine mengi. Lakini Glc7 haifanyi kazi peke yake. Hushikana na wenzi wengi tofauti, na kila mwenzi huipeleka mahali pake na kwenye protini yake. Reg1 huielekeza kwa Snf1, na Gac1 huielekeza kwenye kimeng'enya cha kutengeneza glaikojeni. Anayehesabu jeni za fosfatasi bila kuhesabu wenzi hao amehesabu madereva akasahau ruti. Umahususi upo, umegawanywa kwa namna nyingine, sehemu ya kukata ikiwa moja na sehemu za kuelekeza zikiwa nyingi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Futa Ste11 na seli inakuwa tasa kabisa, lakini futa Msg5 na mara nyingi utaona tofauti ndogo. Basi nani ni muhimu? Nadhani hapa yanachanganywa mambo mawili, ulazima na udhibiti. Umeme ni wa lazima kwa redio, lakini hauchagui stesheni. Isitoshe, njia tuliyoitumia kutafuta imechangia tulichokipata. Jeni nyingi za njia ya kuungana zinaanza na herufi Ste kwa sababu ziligunduliwa kwa kusaka seli tasa, na utasa ndio unaotokea kiungo cha kuwasha kinapokatika. Msako wa namna hiyo hauwezi kumnasa mwondoaji, kwa sababu kumpoteza hakuleti utasa, huleta ishara iliyozidi. Chan na Otte waliwapata Bar1 na Sst2 kwa sababu walisaka dalili iliyo kinyume. Tena wazimaji mara nyingi hupangwa kwa kufidiana: Msg5, Ptp2 na Ptp3 zote zinaweza kuigusa Fus3, kwa hiyo kumwondoa mmoja huacha wengine wakishika zamu. Udogo wa dalili katika seli iliyopoteza mmoja ni ushahidi wa akiba, na kitu kisicho na maana hakiwekewi akiba tatu.

Pingamizi la tatu ndilo lililonilazimisha kuisema hoja kwa uangalifu zaidi. Kuna hamira nyingine, Schizosaccharomyces pombe, ambayo Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 kutoka kwenye bia ya nafaka ya Afrika Mashariki, na jina lake la pili ni lile lile tunaloliita kinywaji chenyewe. Paul Nurse aliichunguza akiwa Edinburgh miaka ya 1970, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Katika hamira hii, kinasi Cdc2 ndiyo inayoipeleka seli kwenye mgawanyiko. Kinasi nyingine, Wee1, huipachikia Cdc2 fosfeti kwenye tairosini ya 15 na kuizuia. Fosfatasi Cdc25 huibandua fosfeti hiyo na kuiachia. Hapa basi mpachikaji ndiye mzimaji, na mwondoaji ndiye mwashaji. Seli isiyo na Wee1 hugawanyika kabla ya kukua vya kutosha na kubaki ndogo. Isiyo na Cdc25 hurefuka bila kugawanyika. Mtu akidai kwamba fosfatasi daima huzima, S. pombe peke yake inatosha kumkosoa. Dai langu haliko hapo. Dai langu ni kwamba udhibiti uko kwa yule anayepingana na hatua inayosukuma mbele, awe anapachika fosfeti au anaibandua, na Wee1 inalithibitisha hilo: ukubwa ambao seli huamua kugawanyika hutegemea mno ni kiasi gani cha kizuizi kimesalia.

Hog1 inatoa ushahidi wa aina hiyo hiyo. Kinasi Ste11, tuliyoiona katika kutafuta mwenzi, hutumika pia katika tawi mojawapo la jibu la chumvi. Kwa nini basi chumvi haiifanyi seli ianze kutafuta mwenzi? Mwaka 1998 O'Rourke na Herskowitz walionesha kwamba seli isiyo na Hog1 hufanya hivyo hasa: ikiwekwa kwenye chumvi hufungua jeni za kuungana na kuchongoka, ingawa hakuna feromoni hata chembe. Hog1 ni kinasi, na mojawapo ya kazi zake ni kuizuia ishara isivuke kwenda njia ya jirani. Wapo watakaosema kwamba umahususi huu ni kazi ya protini za kiunzi, kama Ste5 inayowashika pamoja Ste11, Ste7 na Fus3, na Ste5 si kimeng'enya. Ni kweli kiunzi kina kazi kubwa. Lakini kiunzi chenyewe kinatawaliwa na vimeng'enya: seli ikiwa katikati ya mgawanyiko, kinasi za mgawanyiko huipachika Ste5 fosfeti nyingi ili isishike kwenye utando, na njia nzima inakatwa. Kwa upande wa pili, fosfatasi Ptc1 hushindana na Fus3 juu ya fosfeti nyingine za Ste5, na matokeo ya shindano hilo huamua kama seli itabadilika umbo kabisa au haitabadilika. Kila tunapofika mahali ambapo seli inachagua, tunakuta jozi ya wapinzani.

Faida ya kuliona jambo hivi inaonekana wazi katika njia ya Ras. Hamira ina Ras1 na Ras2, ambazo zikishika GTP humwamsha Cyr1 atengeneze molekuli ndogo ya ujumbe, cAMP, na cAMP huamsha kinasi zinazoiambia seli kwamba chakula kipo na ikue. Wazimaji ni Ira1 na Ira2, wanaoiharakisha Ras kuvunja GTP, pamoja na Pde1 na Pde2, wanaoiharibu cAMP. Seli iliyopoteza Ira huendelea kuamini kwamba kuna shibe hata chakula kikiisha. Haijiandai, na joto au njaa huiua. Mwaka 1985 ilionekana kwamba Ras ya binadamu inaweza kuitegemeza hamira iliyopoteza za kwake. Ras inayopatikana katika saratani nyingi za binadamu haikuzidishiwa nguvu ya kuwasha. Imepoteza uwezo wa kuivunja GTP, yaani uwezo wa kuzimika. Jeni NF1, ambayo ikiharibika huleta ugonjwa wa nyurofaibromatosisi aina ya kwanza, ni ndugu wa Ira, na mwaka 1990 kipande chake kilionekana kuweza kufanya kazi ya Ira ndani ya hamira. Ugonjwa huo, kwa lugha ya njia za ishara, ni ugonjwa wa mzimaji aliyepotea.

Dawa zinazolenga kinasi ni nyingi leo, tangu imatinibu iliporuhusiwa Marekani mwaka 2001, wakati zinazolenga fosfatasi ni chache. Sababu mojawapo ni ya kikemia: sehemu za kukatia za fosfatasi nyingi zinafanana sana, kwa hiyo dawa inayoizuia moja huzuia na nyingine. Hata hivyo siklosporini, iliyowezesha upandikizaji wa viungo tangu miaka ya 1980, hufanya kazi kwa kuizuia kalsinurini, ambayo ni fosfatasi, na hamira nayo ina kalsinurini yake inayoiachilia protini Crz1 iingie kwenye kiini. Mlango upo, ingawa ni mwembamba. Kwa walimu wa baiolojia wa vyuo vyetu ombi langu ni dogo. Mnapochora njia ya ishara ubaoni, msiishie kwenye mishale ya kushuka. Kando ya kila kimeng'enya kinachosukuma mbele andikeni jina la anayempinga, na pale ambapo jina halijulikani wekeni alama ya kuuliza, kwa sababu alama hizo ndizo mada za utafiti zitakazowasubiri wanafunzi wenu.